Radhi ya Mama na Ushahidi wa Binti

Katika mambo ambayo sisi watu wa mwambao huyaogopa kuliko radi na gharika, hapana lililo kubwa kama kukosa radhi ya mzazi. Na kwa kuwa hofu hii imetulinda vizazi na vizazi na ufidhuli wa watoto, si ajabu kwamba aghalabu hatuthubutu kuuliza swali lililo upande wa pili wa hofu hiyo, nalo ni hili: mzazi asiyempenda mtoto ila kwa kadiri mtoto huyo anavyomwongezea yeye sifa, ambaye furaha ya nyumba lazima iwe yake na msiba wa nyumba lazima uwe wake, ambaye hakosei, haombi msamaha wala hakumbuki, anamdai nini mtoto aliyemlea, na deni hilo litalipwa mpaka lini? Wataalamu wa maradhi ya nafsi wana jina la tabia hii, narsisizimu, na vijana wetu wamelidaka jina hilo kwa pupa, hata leo baba akikataa kununua simu huitwa narsisi. Wazee nao, kwa kuliona jina ni geni, wamedhani na jambo lenyewe ni geni. Naona pande zote mbili zimeteleza. Kwa sababu hiyo nimetunga mjadala huu, nikawakalisha katika baraza moja watu wanne ambao sauti zao twazisikia kila siku: Maalim, afundishaye dini, Daktari, mwanamke ashughulikaye na maradhi ya akili, Somo, bibi aliyewafunda wanawali wengi kuliko awezavyo kuwahesabu, na Binti, mwenye mume na watoto, ambaye ndiye aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo. Mimi mwandishi nimejiwekea haki ya kudakiza nitakapoona inafaa.

BINTI: Shikamooni wazee wangu. Sikuja kumshitaki mama. Mama hakunipiga, hakuninyima chakula, na ada ya shule aliilipa kabla haijadaiwa. Na ndiyo maana kwa miaka mingi sikuwa na neno la kusema, kwani kila nilipotaka kulalama nilijiuliza ninalalamikia nini. Nitawaeleza siku moja tu. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalipotoka, nami nikawa nimefaulu, mama alivaa doti mpya ya kanga, akaagiza sambusa na kaimati, akawaita majirani, akaketi katikati ya ukumbi akipokea hongera na kusimulia jinsi alivyokesha akinipikia uji na jinsi dua zake zilivyotakabaliwa; mimi nilikuwa jikoni namimina chai. Mgeni mmoja akaniita, akanipa mkono, akasema, "Mwanangu, umefanya kazi kubwa." Mama akacheka pamoja na watu. Usiku, wageni walipokwisha ondoka, alikuja akasimama mlangoni pa chumba changu akasema, "Umefurahi kunifunika mbele za watu, sivyo?" Tangu hapo hakusema nami mpaka Ijumaa ya pili. Aliporejea kusema, nikamwuliza kwa nini alininunia, naye akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Lini? Una nini wewe mtoto?" Nikamwendea shangazi aliyekuwapo nyumbani siku zote hizo, naye akasema hakuona kitu. Kununiwa nilikuzoea, wazee wangu. Lililonishinda ni kule kuambiwa kwamba sikununiwa, hata nikaanza kuituhumu akili yangu mwenyewe.

MAALIM: Marahaba, mwanangu. Moyo wangu umeingiwa na huruma. Lakini hukumu haijengwi juu ya huruma peke yake, na mama kununa si dhulma ambayo haijapata kusikiwa duniani. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Israa, aliuweka wema kwa wazazi bega kwa bega na amri ya kumwabudu Yeye pekee, akakataza hata ile pumzi ya kuchoka ambayo mtoto huweza kuitoa mbele ya mzazi aliyezeeka. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa ni nani astahiliye zaidi kusuhubiwa kwa wema, alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba. Wala si dini tu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto uliopitishwa mwaka 1990, ambao kila mtu huutaja apendapo kusema habari za haki, una kifungu cha 31 kinachompa mtoto wajibu, na mmoja katika wajibu huo ni kuwaheshimu wazazi na wakubwa zake wakati wote. Wakati wote, Daktari. Si wakati wanapomfurahisha.

DAKTARI: Sina ugomvi na kifungu hicho, Maalim, ingawa kinatanguliza sharti la umri na uwezo wa mtoto kabla ya kumtwika mzigo wowote. Lakini kwanza niufagie uwanja ambao watu wa fani yangu ndio walioutia taka. Ugonjwa unaoitwa kwa jina hili la narsisizimu uliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Dalili zake katika mwongozo huo ni tisa, na mtu hahesabiwi kuwa nao mpaka awe na tano kwa uchache, tena ziwe zimekaa naye tangu ujana wake na kumharibia maisha, na aliyezipima awe ameketi naye uso kwa uso. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, haliutaji tena ugonjwa huu peke yake kwa jina, bali hupima jinsi tabia ya mtu ilivyoharibika na kwa kiasi gani. Basi ikiwa wakubwa wa elimu hawajaafikiana juu ya jina, mimi ambaye mama wa Binti sijapata kumwona nitampachika jina hilo kwa idhini ya nani? Niulizeni juu ya mtoto. Huyo ameketi hapa. Mtoto huhitaji mtu wa kumtazama akafurahi kwa sababu yupo, amkemee anapokosa na kumsamehe anapotubu. Katika nyumba ambamo mzazi mwenyewe ndiye mwenye njaa ya kutazamwa, mambo hupinduka, mtoto akawa ndiye mlezi wa moyo wa mzazi wake. Hukua akiwa hodari wa kuzijua nyoyo za watu na mgeni katika moyo wake. Humwomba radhi mtu aliyemkanyaga. Na akisifiwa hutahayari kama mdaiwa aliyekutwa njiani. Alice Miller, mwanamke mzaliwa wa Poland aliyeishi Uswisi, alitoa kitabu juu ya watoto wa namna hii mwaka 1979, na hakuna katika wanafunzi wa fani yetu asiyelijua jina lake.

MWANDISHI: Hapa nadakiza, maana Daktari, kwa staha aliyo nayo kwa mwalimu huyo, amesimulia nusu ya habari. Mwaka 2013, mama huyo akiwa amekwisha fariki, mwanawe Martin, ambaye naye ni mtabibu wa nafsi, alitoa kitabu chake, akaeleza kwamba mtetezi huyu wa watoto wa dunia hakumtetea yeye alipopigwa na baba yake. Naye hakuishia katika lawama: alirudi nyuma mpaka miaka ya vita, mama yake, msichana wa Kiyahudi, alipookoka katika mji wa Warsaw kwa kuishi chini ya jina lisilo lake, akayafungia moyoni aliyoyaona asimwambie mtu. Siitaji habari hii ili kuvunja elimu ya Alice Miller, ambayo kwa mengi naikubali. Naitaja kwa sababu wako vijana wanaodhani kwamba akijua mtu jina la ubaya aliotendewa amekwisha salimika nao, hataurithisha.

SOMO: Afadhali umesema wewe, maana ningesema mimi ningeambiwa nawaonea wasomi. Mimi katika umri wangu nimewaona akina mama wa sampuli hii, na akina baba ni wengi zaidi ila wao huitwa wakali, mambo yakaishia hapo. Nami huuliza swali moja: mama huyu naye alilelewaje? Wengine walitupwa, wakakulia kwa watu wakila makombo, hata walipopata chao hawakutaka kukigawa na mtu, wala sifa hawakutaka kuigawa. Wengine waliwekwa juu ya kichwa kama taji, wakaambiwa hapana mfano wao Unguja na Pemba, na wao wakasadiki.

DAKTARI: Hilo la pili limechunguzwa Uholanzi, Somo. Mwaka 2015 wataalamu walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 565, wa miaka saba hadi 11, pamoja na wazazi wao, wakaona kwamba mtoto ambaye wazazi wake humhesabu kuwa bora kuliko watoto wa wenzao ndiye azidiye kujiona kadiri miezi inavyopita; lakini mtoto aonyeshwaye huba pasipo kufananishwa na mtu hupata kujithamini, wala hapati majivuno.

SOMO: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Haya, endelea mwanangu. Mlikuwa wangapi?

BINTI: Wawili, mimi na kaka. Mmoja wetu alikuwa nuru ya nyumba na mwingine balaa la nyumba, na vyeo hivyo vilikuwa vikibadilishana pasipo taarifa. Kwa hiyo hatukupata kupendana, maana kila mmoja aliyepanda alijua ni mwenzake aliyeshuka. Nilijua kwa mlio wa ndara zake ngazini ni mama gani anayepanda, kama nahodha ajuavyo upepo kabla tanga halijajaa. Na kabla hajafika juu nilikuwa nimekwisha amua niwe mcheshi, niwe mgonjwa, ama niwe sipo. Kuwa mgonjwa kulikuwa na hatari yake. Siku niliyoshikwa na malaria mama alilala kitandani kwa shinikizo la damu, nami nikainuka kumpikia uji.

MWANDISHI: Uji huo umenikumbusha meza nyingine ya chakula, iliyoko mbali sana na mwambao wetu. Mwezi wa Novemba mwaka 1919, Franz Kafka, mwandishi wa mji wa Prague, akiwa na umri wa miaka 36, tena punde baada ya baba yake kuidharau posa yake, alimwandikia baba huyo barua iliyopita kurasa 100 za mkono. Baba, Hermann, alikuwa mwana wa mchinjaji wa kijijini, aliyetoka katika ufukara mpaka akafungua duka lake la vitu vya mapambo ya mavazi mjini, na ufukara huo aliwasimulia watoto wake mara kwa mara kama watu walioukwepa kwa hila. Katika barua mna usiku mmoja wa utotoni, Franz alipolilia maji, naye mwenyewe anakiri kwamba hakuwa na kiu hasa bali alitaka kuudhi na kujifurahisha; baba, baada ya makemeo, akamnyanyua kitandani, akamtoa nje kwenye roshani na kumwacha huko na kanzu ya kulalia, mlango umefungwa. Lakini mimi sioni kwamba roshani ndiyo kiini cha barua. Kiini ni meza. Mezani pa Hermann Kafka mifupa haikuruhusiwa kutafunwa, ila yeye aliitafuna. Siki haikuruhusiwa kufyonzwa kwa kelele, ila yeye aliifyonza. Makombo hayakuruhusiwa kuanguka chini, na mwishoni mwa mlo makombo mengi yalikuwa chini ya kiti chake. Mtoto akajifunza kwamba sheria ni kitu cha kumfunga yeye peke yake, na kwamba aliyeitunga hayumo ndani yake. Barua alimpa mama yake aifikishe, na mama, ambaye alimpenda mwanawe na kumpenda mumewe, akairudisha. Hermann hakuisoma maishani mwake. Mwana alifariki mwaka 1924, baba mwaka 1931, nasi wageni tukaisoma ilipochapishwa mwaka 1952.

SOMO: Mnamtazama baba, mimi namtazama huyo mama aliyeirudisha barua. Kila nyumba ya namna hii ina mtu wake wa kurudisha barua. Kwako, mwanangu, alikuwa shangazi. Atakwambia, "Ndivyo alivyo mama yako, mvumilie, mioyo haifanani." Si mtu mbaya, ndiye atakayekukanda kichwa usiku. Lakini lau angesema mara moja tu, "Nimeona," usingefika hapa na macho hayo.

BINTI: Neno hilo moja, Somo. Nisingetaka la pili.

MAALIM: Nami nauliza jambo katika barua hiyo. Je, yule baba alipewa nafasi ya kujibu?

MWANDISHI: Alipewa, Maalim, na ndilo lililonistaajabisha. Mwishoni kabisa mwana anamvika baba sauti na kumwacha ajibu, na jibu hilo ni kali: kwamba mwana anajitia usafi wa kusamehe kumbe ananyonya, na hata barua yenyewe ni namna ya kunyonya. Tena ndani ya barua anasema kwamba baba hana hatia. Baba aliyeshitakiwa kwa kurasa zaidi ya mia hakupata wakili aliyemshinda mwanawe.

MAALIM: Basi huyo alikuwa na insafu kuliko wengi waswalio msikitini kwangu.

Mjadala ungeweza kuishia hapa kwa kupeana heshima, kama ishiavyo mijadala mingi ya kwetu, lau Binti hakuwa amekuja na haja. Watu waliosoma sana husahau kwamba anayeleta habari ya mzazi wake barazani hakuja kupata elimu. Amekuja kwa sababu kesho ana safari ya kwenda kwa mzazi huyo.

BINTI: Mama sasa ana maradhi ya sukari, na miguu yamvimba. Kaka yuko Muscat na simu hapokei. Matumizi ya kila mwezi napeleka mimi. Juzi shangazi ameniletea ujumbe: mama yuko tayari kunipa radhi, kwa sharti nifike mbele ya wazee wa ukoo niseme kwamba yote niliyopata kuyasema juu ya malezi yangu nimeyazua. Nisipofanya hivyo, amesema, maziwa aliyoninyonyesha yatanidai. Wako marafiki wanaoniambia nikate mguu kabisa, nisipeleke hata senti. Nimejaribu kulitaka jambo hilo, siliwezi. Basi niambieni, niseme?

MAALIM: Usiseme.

DAKTARI: Maalim!

MAALIM: Mwashangaa nini? Nilianza na Sura ya Al-Israa kwa sababu ndiyo ambayo watoto wa leo huisahau. Lakini iko Sura ya Luqman, ambayo wazazi huisahau. Humo wazazi wanaomshurutisha mtoto kumshirikisha Mungu hawatiiwi, na papo hapo mtoto anaamriwa asuhubiane nao kwa wema duniani. Angalieni: utii umeondolewa na wema umebaki, na mambo haya mawili watu wetu wameyasokota yakawa kamba moja ya kumfungia mtoto. Najua kwamba aya hiyo inasema juu ya shirki, wala simfanyi mama wa Binti kuwa mshirikina. Lakini Sura ya An-Nisaa inawataka waumini wasimamie uadilifu kwa kutoa ushahidi hata dhidi ya nafsi zao na wazazi wao. Nani basi atakayemwamrisha huyu ashuhudie uongo, tena juu ya nafsi yake, ili apewe radhi? Radhi inunuliwayo kwa ushahidi wa uongo nitaisomea dua gani? Na kwa kuwa mmezungumza habari ya nuru ya nyumba na balaa la nyumba, mjue pia kwamba Bashir bin Saad alimwendea Mtume ashuhudie zawadi aliyompa mwanawe Nuuman, akaulizwa kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Aliposema hapana, aliambiwa amche Mungu na awafanyie watoto wake uadilifu. Mtume alikataa kuwa shahidi. Sisi mashekhe twaliweka jambo hili katika mlango wa mali, ilhali mapenzi nayo hugawanywa.

Maalim ameishinda hoja yake mwenyewe kwa hoja ambayo ilikuwa mfukoni mwake tangu mwanzo, nami namheshimu kwa hilo, ingawa ningependa kujua kwa nini hoja hii ya pili hutolewa mara chache sana mimbarini kuliko ile ya kwanza.

DAKTARI: Nami naongeza moja, na ni chungu. Usiende kwake ukiwa na tumaini kwamba ukikataa kusema uongo yeye atasema kweli. Huenda asikiri maisha. Wengi niwatibuo hawaumizwi tena na yaliyopita. Huumizwa na kungoja.

BINTI: Nangoja bado, Daktari. Sitawaficha.

SOMO: Ngoja ukiwa kwako. Sikiliza: nenda asubuhi, mpelekee dawa zake na samaki, mkande miguu, msuke nywele, msikilize habari zake mpaka adhuhuri. Akianza mambo ya wazee na viapo, inuka ukaoshe vyombo. Mume wako aje akuchukue kabla ya alasiri, tena apige hodi kwa nguvu. Na tumbo hilo ninaloliona usilitaje leo, maana ukilitaja atakayekuwa na kichefuchefu ni yeye. Usilale huko.

BINTI: Akiniuliza kwa nini silali?

SOMO: Mwambie watoto wana shule.

MAALIM: Somo, si ndio uongo tuliokwisha ukataza?

SOMO: Watoto wana shule, Maalim. Kawaulize.

BINTI: Na mwezi wa Disemba, shule zikifungwa?

MAALIM: Disemba mlete mama yako hapa barazani, nizungumze naye mimi mwenyewe.

BINTI: Nitamleta, Maalim. Nawe utampenda. Watu wote humpenda.